Nusu ya Mama Agatha

Benchi letu liko Katesh, pembeni ya stendi, mbele ya kibanda cha Selemani wa kahawa, na tumeligeuza liutazame Mlima Hanang kwa sababu upande wa pili tunakula vumbi la magari. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, na kila mtu ana mahali pake. Ukikaa pa mwenzako unaambiwa. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya baridi, mwaka ule ambao midomo yetu ilikuwa bado haijazoea kusema Mkoa wa Manyara, mtu anaanza na Arusha halafu anajirudi. Sote tulikuwa ndani ya makoti ya mitumba niliyowauzia mimi mwenyewe. Nataja makoti ili ijulikane kwamba sichukii mambo mapya. Biashara huria imenilisha mimi na wanangu. Lakini kuna mambo mapya yanakera, na lililokera asubuhi ile lilikuwa boksi la sabuni lenye matundu mawili.

Boksi lilikuwa la Renatus. Huyu alikuwa karani kwenye mashamba ya ngano mpaka walipopunguzwa kazi, na badala ya kufungua kioski kama binadamu wengine, alinunua kamera mnadani akaanza kupiga picha ambazo hamuuzii mtu yeyote. Anasema ni za kujifurahisha. Tena anapiga kitu kimoja mara mbili: anaegemea mguu wa kushoto anapiga, anahamia mguu wa kulia bila kushusha kamera, anapiga tena. Ole wako utikisike katikati. Picha zikirudi kutoka kusafishwa anazibandika mbili ubavu kwa ubavu kwenye kadi, anaitia kadi ndani ya boksi, na wewe unachungulia kupitia vioo viwili vya miwani ya kusomea. Katikati kuna kipande cha kadibodi, ili jicho la kushoto lione picha ya kushoto tu na la kulia ya kulia. Ukitulia, zile mbili zinakuwa moja, na vitu vinasimama, kimoja mbele na kingine nyuma, mpaka mkono unataka kwenda kuvishika.

Asubuhi hiyo alikuja na kadi mpya, na wa kwanza kuchungulia alikuwa Felician. Sisi tunamwita Diwani, maana amegombea udiwani kila uchaguzi tangu vyama vingi viingie, na wananchi wamemkataa kwa uaminifu mkubwa.

Diwani: Huu ni mlima gani?

Renatus: Mlima gani tena? Si huo ulioko mbele yako.

Diwani: Huu wetu? Mbona umelala?

Renatus: Haujalala, mzee. Uko mbali.

Diwani: Magunia ya vitunguu yamesimama. Ng'ombe wa Chanjo amesimama, pembe inanijia usoni. Lakini Mlima Hanang, mlima ulioko kwenye ramani ya nchi, umebandikwa nyuma kule kama kalenda ya ukutani! Renatus, umetudhalilisha.

Chanjo akanyang'anya boksi. Jina lake ni Joakimu, anauza dawa za mifugo, na kila ugonjwa unaoutaja, hata wa binadamu, yeye anauliza kama umechanjwa.

Chanjo: Kweli kabisa. Ng'ombe wangu ametoka vizuri, mbavu zote zinahesabika. Mlima ni chapati.

Renatus: Jamani, niwaeleze mara ngapi? Macho yenu yameachana kidogo tu. Kitu cha karibu, kila jicho linakiona kwa upande wake. Mlima uko mbali, macho yote mawili yanauona vilevile. Nikitaka usimame inabidi nipige hapa, nitembee mpaka kule kwenye tangi la maji, nipige tena.

Diwani: Kumbe ulikuwa unajua! Ukaona uvivu kutembea mpaka kwenye tangi!

Renatus: Filamu iliisha.

Diwani: Filamu iliisha kwenye mlima, kwenye ng'ombe haikuisha.

Mimi: Kwani wewe, Renatus, kitu hiki kinakupa nini? Mtu mzima anakanyaga kushoto, anakanyaga kulia, kuku akipita anamfokea.

Renatus: Kuku akipita kati ya picha ya kwanza na ya pili anaharibu kadi. Anaonekana kwa jicho moja, kwa jingine hayupo. Unaumwa kichwa.

Mimi: Mimi naumwa kichwa tayari.

Nisimwonee. Mwanzoni alikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anabandika ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na ukichungulia unaona ukuta uko mbele ya mtu na pua imeingia ndani ya uso. Mke wa mwalimu mmoja alijiona hivyo akalia. Sasa amejifunza, hilo namkubalia, lakini mtu akijifunza ndiyo anazidi kukusumbua.

Diwani: Mimi nawaambia, haya yalianza na mkoa. Sisi tulikuwa Arusha, mlima wetu ulikuwa mrefu. Wakagawa, makao makuu wakayapeleka Babati. Picha inasafishwa Babati. Inarudi, mlima umelala. Mimi sisemi kitu.

Selemani: Umeshasema.

Diwani: Basi nasema! Wana mlima wao wa Kwaraa pale juu ya mji, wanataka na wetu uwe saizi hiyo.

Chanjo: Hapana, Diwani, wewe unaangalia mlima. Angalia hesabu. Kitu kimoja, picha mbili. Ya kwanza ya kwetu, sawa. Ya pili ya nani?

Renatus: Zote ziko hapo kwenye kadi!

Chanjo: Hizo ni nakala. Mwenyewe umesema ukiwa na mbili unaona kitu kilivyo, unene wake na upana wake. Basi kuna tajiri Nairobi, yuko kwenye kiti, anachungulia ng'ombe wangu. Anajua kiuno chake kabla sijamtoa kijijini Gendabi. Nafika mnadani, mnunuzi ananicheka tu. Kwa nini mnada wa juzi walinicheka?

Selemani: Kwa sababu ng'ombe wako kakonda.

Chanjo: Alikonda baada ya kupigwa mara mbili! Hata maziwa yamepungua.

Selemani: Jua kali, majani hakuna, halafu kamera ndiyo inakausha maziwa. Haya, leteni vikombe.

Akatumiminia. Selemani ni mzee kuliko sisi sote, watu wake ni wafanyabiashara wa hapa Katesh toka zamani, na huwa haingii sana kwenye mabishano yetu. Anatosheka kuyamwagia maji kidogo. Mwishoni mwa benchi, mahali pa Chanjo hasa, alikuwa amekaa mama mmoja mgeni na mfuko wake. Alikuja akasema shikamooni, akaomba kahawa, akasema anasubiri gari la Dongobesh. Jina lake Kornelia. Chanjo alimtazama kwa muda kwa sababu ya mahali pake, lakini mgeni ni mgeni.

Hapo ndipo Bonaventura alipofika na baiskeli. Anatoka Gendabi, jirani yangu wa shamba, mtu mpole wa kanisani. Siku ile aliiangusha baiskeli chini, akampita Selemani bila shikamoo, na tukajua kuna jambo, maana Bonaventura humwamkia hata mzee aliye usingizini.

Bonaventura: Renatus, umenipa nusu ya mama.

Renatus: Kaa kwanza, Bona.

Bonaventura: Sikai! Umenipa nusu ya mama yangu, nimeitunza kwenye Biblia, kumbe ni nusu!

Msiomjua mama yake niwaambie. Mama Agatha alifariki baada ya masika. Muda mfupi kabla ya hapo Renatus alikuwa Gendabi akijifunza mambo yake, akamkuta mlangoni anachagua maharage kwenye ungo, akamwomba atulie. Alitulia kuliko watu wote waliowahi kupigwa na Renatus. Alikuwa hajawahi kupigwa picha maisha yake yote, na hakupigwa tena. Kisha bati la Renatus likavuja, negativu zikalowa zikagandana, hakuna duka lililoweza kuzitenganisha. Ikabaki ile kadi moja, yenye Mama Agatha wawili ubavu kwa ubavu.

Baada ya matanga ukafanyika ugawaji wa vitu vya marehemu, kama kawaida yetu. Watoto wake ni wawili, Bonaventura na dada yake Violeth aliyeolewa Dongobesh. Vyungu vikagawanywa sawa, mablanketi sawa, mbuzi sawa. Ikatolewa kadi. Watoto wawili, picha mbili, tena zinafanana kabisa. Sijui kama umewahi kuona kikao kikipata jambo jepesi namna hiyo. Mkasi ukaletwa, kadi ikapita katikati, huyu chukua huyu chukua, haki imetendeka. Mwenyekiti alikuwa Diwani, kwa upande wa wajomba. Mimi na Chanjo tulikuwepo kama majirani. Renatus siku hiyo alikuwa Babati anafuatilia mafao yake, aliporudi akashika kichwa, na sisi tukamwona ana makuu.

Bonaventura: Jumapili nimechungulia boksi lako parokiani. Ile kadi ya mama yake Sulle, muumini mwenzangu. Ametoka! Naona uzi wa kilemba, naona mkono uko mbele ya tumbo. Nimefungua mdomo nimwambie shikamoo! Nikamwomba mtu boksi nikatia ya kwangu. Unajua nimeona nini?

Renatus: Najua.

Bonaventura: Jicho moja linamwona mama. Jingine linaona karatasi ya boksi. Naliziba hili, nalifungua lile. Mama amelala kama stempu! Mama wa Sulle asimame, wangu alale? Wangu ndiye aliyetulia vizuri, ulisema mwenyewe!

Renatus: Nilisema, na ni kweli. Ile ndiyo kadi bora niliyowahi kupiga. Ungo ulikuwa unatoka nje, Bona. Maharage unayaona moja moja. Vidole vyake vilikuwa juu ya maharage, na nyuma yake giza la ndani linaingia mpaka kwenye mafiga.

Bonaventura akakaa. Alikaa kwenye jiwe, si kwenye benchi, na sauti yake ikapungua.

Bonaventura: Hata sura yake naanza kuisahau, ndugu zangu. Nikiitazama ile picha naiona picha, simwoni yeye. Nataka nimwone mara moja.

Nilisikia uchungu, na nilipata hasira papo hapo, kama mtu ameniibia mimi. Benchi zima lilipata hasira. Na sisi tukikasirika tunatoa mipango.

Diwani: Renatus alipe!

Renatus: Nilipe nini? Niliwapa kadi nzima!

Diwani: Hukuandika juu yake "isikatwe." Dawa ya kuoshea ng'ombe imeandikwa "usinywe." Muulize Chanjo.

Chanjo: Imeandikwa, na fuvu la mtu limechorwa.

Mimi: Si apigwe picha ile nusu ya Bona, ziwe mbili, zitiwe kwenye boksi?

Renatus: Ile ile mara mbili? Atalala vilevile. Lazima jicho la pili lipate ya upande wa pili, na ya upande wa pili iko Dongobesh kwa Violeth.

Diwani: Basi iletwe! Tunaandika barua kupitia kata. Kata ya huku inaandikia kata ya kule, wilaya inapata nakala.

Selemani: Dongobesh ni Mbulu, wilaya nyingine.

Diwani: Ndiyo maana nasema mkoa! Sasa tuko mkoa mmoja, faida yake nini kama hatuwezi kurudisha nusu ya mtu? Inapanda mkoani, inashuka Mbulu, polisi wanakwenda kuichukua.

Chanjo: Polisi wa nini? Mpelekee mbuzi. Unasema huyu mbuzi ni wa shukrani, anamwingiza zizini, wewe unaingia ndani unachukua picha.

Mimi: Huo ni wizi, Chanjo.

Chanjo: Wizi wa mama yake mwenyewe?

Diwani: Au tusisumbuke na Dongobesh kabisa. Mke wa Bona ana umbo kama la marehemu, eti siyo? Avae kitenge cha marehemu, akae mlangoni, ashike ungo. Renatus anapiga ya upande wa kulia. Unatia hapa mama, hapa mke, macho yenyewe yatamalizana huko ndani.

Bonaventura akainuka. Nilimshika koti, na koti lile nilimuuzia mimi, najua mishono yake, nilijua halitastahimili. Renatus naye alikuwa amesimama, anamwambia Diwani kwamba amevumilia mlima, amevumilia ng'ombe, lakini hilo la kitenge hapana. Vikombe vilimwagika. Chanjo alikuwa anapiga kelele kwamba Nairobi wanatuona. Selemani aligonga birika kwa kijiko mpaka tukanyamaza, na katika kunyamaza kule yule mama wa mwisho wa benchi akaweka kikombe chake chini.

Kornelia: Samahanini wazee wangu. Huyo dada alisemaje?

Diwani: Dada gani?

Kornelia: Huyo Violeth. Mlipotaka kuikata, alisemaje?

Diwani: Ilipitishwa, mama. Kikao kiliridhia.

Kornelia: Nimesikia, kikao. Yeye alisemaje?

Diwani anaweza kusema juu ya jambo lolote mpaka jua lizame, nimemwona akihutubia watu waliokuwa wamelala, lakini safari hii alinigeukia mimi. Mimi nikamgeukia Chanjo, naye alikuwa anaangalia mlima.

Nilimkasirikia yule mama, sitaficha. Mgeni anakaa mahali pa mtu, anakunywa kahawa, anaanza kuuliza. Nikasema nitamjibu vizuri asirudie. Nikaanza kukumbuka kikao kile ili nimjibu: Diwani alikaa pale, Chanjo kwenye kinu, mzee mmoja mlangoni, Bona karibu yangu na mkasi mkononi. Violeth sikumwona. Nikamtafuta tena kichwani. Ndipo nikamwona anazunguka na jagi na beseni, anatunawisha mikono, maana chakula kilikuwa tayari na sisi tulitaka kumaliza lile jambo kwanza. Alikuwa amefika kwangu. Alinimiminia maji, nami niliendelea kuongea na mtu wa upande wa pili, na vipande vya kadi vilikuwa tayari juu ya meza.

Bonaventura: Hakusema kitu.

Kornelia: Mlimuuliza?

Bona alikuwa ameitoa picha kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwenye nailoni, anaitazama ule upande uliokatwa.

Bonaventura: Alipokea tu. Asubuhi akaondoka hakuniaga. Nikasema ana kiburi, kaolewa huko amekuwa mtu wa huko. Nimekasirika naye mpaka leo.

Renatus: Naye anaona karatasi ya boksi, Bona. Kwa jicho la pili.

Bonaventura: Yeye hana boksi.

Renatus: Basi haoni hata hiyo.

Gari la Dongobesh likapiga honi. Kornelia akafunga mfuko wake, akamrudishia Selemani kikombe, akatuaga mmoja mmoja kwa heshima zote kama vile hakufanya kitu. Bonaventura akaiinua baiskeli, akaisimamisha kwenye ukuta wa kibanda.

Bonaventura: Shikamoo, mzee Selemani. Nilikupita.

Selemani: Marahaba. Baiskeli nitaiangalia.

Renatus alichomoa ile kadi ya mlima na ng'ombe, akaiweka benchini, akampa Bona boksi tupu.

Renatus: Ya kwako inakaa kushoto. Usibandike kitu. Muombe aitie ya kwake mwenyewe, na yeye ndiye achungulie kwanza.

Bonaventura: Na akikataa?

Bona alikwenda na boksi amelikumbatia kifuani, kondakta akamwambia mizigo inapanda juu, akasema hii haipandi juu. Gari likaondoka na vumbi lake, na safari hii lilitupata ingawa tumeligeuza benchi.

Tukakaa. Diwani alikohoa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kuanzia, kwamba kwa utaratibu wa vikao mtu asiyepinga amekubali. Akasema tena kwamba siku ile kulikuwa na mambo mengi. Chanjo akasema kweli, yalikuwa mengi. Mimi nikanyoosha kikombe changu kwa Selemani anijazie, nipate kitu cha kufanya na mkono.

Selemani: Huyo binti aliwanawisha nyie wote?

Mimi: Sote.

Selemani akatutazama mmoja baada ya mwingine, akachukua vikombe vyetu, changu akakitoa mkononi mwangu, akavipanga ndani ya ndoo.

Selemani: Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa nyuma yake juu ya mkaa, limejaa, linachemka mpaka kifuniko kinaruka.